Chemchemi Nne Katika Gari Moja

Wajir ni mji wa visima. Watu na ngamia walikunywa maji ya visima vyake kabla ya Mwingereza kujenga kituo chake pale, na hadi leo ukitaja maji mbele ya mwenyeji wa huko, atageuka akusikilize vizuri. Ndiyo maana karatasi moja ya Kiswahili ilipowaagiza mafundi wa gereji iliyoko mtaani Wagberi wasakinishe "chemchemi" nne katika gari moja, fundi mkuu aliishusha miwani yake, akanitazama, kisha akauliza, "Mwalimu, sasa hii maji itatoka wapi?"

Tulicheka sote. Kicheko hicho kilikatika kabla ya saa sita mchana, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza leo.

Nilikuwa nimekwenda kaskazini kuzungumza na walimu wa Kiswahili wa shule za upili. Mwenzangu mmoja alitubeba kwa gari lake la fowili, yaani lile ambalo magurudumu yote manne huvuta. Tulitoka Garissa alfajiri, tukapita Modogashe. Tulipokuwa tukikaribia Habaswein, gari likaanza kuinama upande wa nyuma. Taa ya manjano iliwaka mbele ya dereva, kisha nyekundu. Tuliposimama kunyoosha miguu, lilikuwa limeshuka kabisa hadi matairi yakakaribia kugusa bodi. Dere wetu, mzaliwa wa Wajir, alilizunguka mara moja tu akasema, "Imepiga magoti kama ngamia. Na hii hainuki kwa fimbo."

Gari lenyewe lilikuwa halina springi za chuma. Lilikalia springi za hewa: mipira minne minene, mmoja kwa kila gurudumu, inayojazwa na kompresa ndogo ya umeme. Kuna sensa zinazopima kimo cha gari na kompyuta inayoamua mpira upi uongezwe hewa na upi upunguzwe. Katika barabara ya lami mtambo huu ni raha tupu. Ukipakia mizigo, gari linajisawazisha lenyewe. Ukitaka kuvuka laga yenye mawe, unabonyeza kitufe likanyanyuka. Lakini mpira huzeeka, joto huuharakisha kuzeeka huko, na vumbi huingia kwenye mikunjo yake likausugua kila gurudumu linapopanda na kushuka. Mpira ukipata ufa mdogo, kompresa hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hadi nayo ikaungua. Hapo ndipo tulipokuwa.

Fundi mkuu hakusita. Alisema hewa itolewe, koili ziwekwe. Ni uamuzi ambao wenye magari kama hayo huufanya kwingi duniani, na una gharama yake: springi ya koili haibadiliki. Ikichaguliwa ngumu kwa ajili ya mizigo, gari likiwa tupu litakurusha; ikichaguliwa laini, ukipakia magunia mkia utashuka. Kile kitufe cha kunyanyua gari nacho kinabaki pambo. Mwenzangu aliyapima yote hayo akakubali. Koili ziliagizwa kutoka Nairobi, zikafika kwa basi, na ndani ya boksi mlikuwa na ile karatasi.

Kwanza nimsifu muuzaji, ambaye sitamtaja. Si wengi wanaojali kumwandikia fundi wa Kenya maelezo kwa Kiswahili. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, utaona kwamba karatasi ile ilikuwa ikijaribu kufanya jambo la haki. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma akiwa amesimama kando ya gari.

Tuanze na hiyo chemchemi. Kiingereza kina neno moja linalobeba maji yanayobubujika ardhini, majira yanayofuata baridi kali ya Ulaya, na chuma kinachobonyea kisha kurudi kilivyokuwa. Kiswahili kilikwisha kuvitenganisha vitu hivyo zamani. Anayetafsiri kwa kulitazama neno bila kukitazama kitu huokota maana ya kwanza anayoikuta. Nashuku kwamba hapa aliyeokota ni mashine, lakini nimeshawaona binadamu wenye shahada wakifanya vivyo hivyo.

Kichwa cha karatasi kilizungumzia kubadilisha "kusimamishwa kwa hewa". Nilikisoma mara tatu. Katika Kiswahili cha magazeti yetu, anayesimamishwa ni mwalimu mkuu aliyekula karo, au mchezaji aliyempiga refa. Hewa ilikuwa imefanya kosa gani? Hili nalo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, ya kumwondoa mtu kazini kwa muda na ya kuning'iniza.

Hapo nakumbuka ubishi niliokuwa nao na mwenzangu usiku ule, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Yeye alidai kwamba istilahi sahihi ingekuwa "mfumo wa mning'inio". Nilimwambia, na narudia hapa, kwamba hilo ni kosa lilelile lililovaa kanzu. Waingereza walipata neno lao katika enzi za magari ya farasi, ambapo bodi lilining'inizwa kwa mikanda ya ngozi juu ya fremu, nalo likayumba humo abiria wakiwa ndani. Kwao neno lilieleza jambo lililoonekana kwa macho. Sisi hatukuwa na mikanda hiyo. Gari tunalolijua sisi halining'inii popote, linakaa. Msikilize fundi yeyote, awe wa Wajir, Gikomba au Kariakoo: "gari limekaa vibaya", "limelala upande mmoja", "limekaa juu sana". Kitendo anachokiona ni kukaa, na kinachokaliwa ni springi. Kwa nini basi tusiseme mfumo wa springi, tukaendelea na kazi?

Mwenzangu alijibu kwamba springi ni Kiingereza kilichotiwa irabu. Ni kweli. Hata breki, giya na klachi vilikuja kwa njia hiyo, na hakuna anayevililia. Lakini hoja yake ilinigusa mahali, kwa sababu mimi mwenyewe nina neno ninalolipenda kwa siri, nalo ni kamani. Ni neno kongwe la Kiswahili la kile chuma kilichoviringwa ndani ya saa, na lilitufikia kupitia Kihindi. Asili yake ni kaman ya Kiajemi, yaani upinde wa kurushia mishale. Aliyewahi kuvuta upinde anaelewa papo hapo: kitu kinachopindwa kwa nguvu kikawa kinatamani kurudi. Waturuki nao hutumia neno moja kwa upinde na kwa springi. Na tusisahau kwamba usukani wa gari tuliutoa kwenye jahazi bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa nini kamani isitoke kwenye saa ikaingia chini ya gari?

Asubuhi nilimpelekea fundi mkuu neno langu, nikiwa na hakika kwamba atalifurahia. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha akasema, "Mwalimu, ukienda duka ya spea useme unataka kamani, utarudi na nini?"

Nilikiri kwamba nitarudi mikono mitupu.

"Basi wacha ikae kwa saa."

Nimeacha. Kwa gari, springi inatosha, na sababu yangu si uvivu. Magari ya fowili yamepitia aina tatu za springi, na istilahi nzuri lazima izitenganishe zote. Land Rover ya 1948 ilikalia mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama malori hadi leo. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuja na koili, na Land Rover za kazi zikaifuata kuanzia ile One Ten ya 1983. Mwaka 1992 Range Rover ikaanza kupatikana ikiwa na springi za hewa zinazoongozwa na kompyuta. Zile Land Cruiser za mfululizo wa 70, hasa za kazi nzito ambazo watu wa kaskazini wanaziamini, zilipata koili mbele mwaka 1999, lakini nyuma zikabaki na mabamba. Ukiwa na neno kuu moja, unasema springi za mabamba, springi za koili, springi za hewa, na kila mtu anajua mnazungumzia familia gani na mtoto yupi. Ukisema "kusimamishwa", "chemchemi" na "mifuko ya hewa", kama ilivyofanya karatasi, umewatawanya ndugu watatu katika nyumba tatu zisizojuana.

Hiyo "mifuko ya hewa" ilizua balaa yake. Karatasi iliagiza iondolewe. Katika gereji ile kulikuwa na kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, na yeye ndiye aliyekabidhiwa usomaji. Alisoma, akafungua mlango wa dereva, akauliza kama usukani utolewe wote au kifuniko chake tu. Alikuwa sahihi kabisa! Mfuko wa hewa anaoujua ni ule unaochomoza kwenye usukani kuokoa uso wa dereva gari linapogonga. Fundi mkuu alimwonyesha kwa kidole: "Si hiyo. Ile mpira ya chini." Mpira wa chini. Sijaona istilahi fupi na iliyo wazi kuliko hiyo, ingawa nakubali kwamba nje ya gereji ingehitaji kuongezewa neno hewa.

Palikuwa pia na "kituo cha matuta", jina ambalo lingefaa sana kwa steji ya matatu. Ilimaanisha kile kipande cha raba kinachozuia ekseli isigonge fremu gari likishuka sana. Hapo tulicheka tena. Baada ya hapo hatukucheka.

Karatasi ilikuwa na maonyo mawili, na yote mawili yalikuwa na herufi nzito. La kwanza lilikataza kufanya kazi chini ya gari "lisiloungwa mkono". Wakenya tunajua kuungwa mkono ni nini. Kila baada ya miaka mitano tunakuwa hatuongei jingine. Kijana aliuliza, kwa mzaha, gari liungwe mkono na chama gani, akageuza ukurasa. Maana iliyokusudiwa ilikuwa hii: usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, liwekee stendi imara kwanza. Fundi mkuu alikuwa amekwisha kuweka stendi bila kusoma lolote, kwa hivyo onyo hilo halikumdhuru mtu siku ile.

La pili lilikuwa hatari zaidi. Liliagiza kwamba kabla ya kulegeza paipu yoyote, mfumo "utolewe damu". Kwa mafundi wa Kiingereza, kutoa damu ni kuachilia hewa au majimaji taratibu kutoka ndani ya mtambo. Kwa Kiswahili, damu hutolewa hospitalini. Kijana aliisoma sentensi, hakuielewa, na akafanya kile ambacho msomaji yeyote hufanya anapokutana na upuuzi katikati ya maelezo: aliiruka. Hatua iliyofuata ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, ilegeze paipu. Akachukua spana, akaingiza kichwa pale ndani ya bodi juu ya gurudumu.

Mtambo wa aina hii una tangi la kuhifadhi hewa, na presha iliyomo ni mara kadhaa ya ile ya tairi. Gari linaweza kuwa limelala chini kwa sababu mpira mmoja umepasuka, huku tangi na mipira mingine bado imejaa. Paipu ikichomoka ghafla, huja na vumbi, kokoto na ncha yake yenyewe, na uso ulio karibu ndio unaopokea.

"Wacha!" fundi mkuu alipiga kelele. "Toa presha kwanza! Hiyo iko na hewa ndani, itakupiga uso!"

Kijana alirudi nyuma. Mzee akamsogeza kando, akageuza uso wake, akalegeza nati robo mzunguko tu, na hewa ikaanza kutoka kwa mluzi mrefu uliowatoa mbuzi kwenye kivuli cha ukuta. Tulisimama tukiusikiliza hadi ukaisha. Hakuna aliyesema kitu. Kijana alikuwa ameshika jicho lake la kulia, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nimezirudia sentensi hizo mbili mara nyingi tangu siku ile, ya karatasi na ya mzee. Ile ya karatasi haina kosa hata moja la ngeli. Viambishi vimekaa mahali pake, vitenzi vimenyambuliwa vyema, mkato na nukta viko sawa. Sentensi ya mzee ingeadhibiwa na mtahini yeyote: "hiyo iko na hewa" si Kiswahili sanifu, na kabla ya hapo alikuwa amesema "hii maji" na "duka ya spea", ambapo sarufi inadai haya maji na duka la spea. Mwalimu wa Karatasi ya Pili angetumia wino mwekundu wote aliokuwa nao. Mimi ni mmoja wa walimu hao. Na tusijifanye hatujui jinsi Kiswahili cha watu wa Wajir, Garissa na Mandera kinavyochekwa huku kwetu. Kuna wachekeshaji ambao mtaji wao wote ni lafudhi hiyo.

Lakini ni sentensi ipi iliyokuwa Kiswahili? Najua nitaulizwa kama nataka sarufi iachwe. La hasha. Nataka kujua kwa nini tumejifunza kuliona kosa la ngeli kutoka umbali wa maili moja, ilhali sentensi isiyo na maana yoyote inapita mbele yetu ikiwa imevaa viatu vilivyong'arishwa, nasi tunaipa alama zote. Msomi akinionyesha karatasi ile bila gari, bila spana, bila kijana, huenda ningesahihisha "sakinisha" iwe "funga" nikairudisha. Neno funga, kwa njia, ndilo linalotumika gereji: unafunga springi, unafunga tairi, unafunga injini. Sakinisha tuwaachie watu wa kompyuta.

Kuna wanaosema kwamba presha nayo ina utata, maana ni ugonjwa pia. Na kwamba wanaosema "upepo" wakimaanisha hewa ya tairi wanakosea, kwa kuwa upepo ni hewa inayotembea. Nimeyasikia. Mtu anayeambiwa "toa presha" huku ameshika spana hatafikiria daktari. Muktadha humlinda. Aliyeambiwa "toa damu" hana muktadha wowote wa kumlinda, na hilo ndilo jaribio ambalo ningependa kila istilahi ya ufundi ipitie: mpe kijana aliyeshika chombo, usimweleze, uone mkono wake unakwenda wapi.

Tanzania ina BAKITA tangu 1967, na orodha za istilahi zimechapishwa kwa miaka mingi katika nyanja nyingi. Sizidharau, nimezitumia kufundishia. Malalamiko yangu ni juu ya safari ya istilahi hizo. Nyingi hutoka katika kitabu cha Kiingereza, zikapita katika chumba cha mkutano, zikaingia katika kitabu cha Kiswahili. Gereji haimo njiani. Muuzaji wa springi, kabla ya kuchapisha karatasi yake, angeweza kumpa fundi mmoja chai na mandazi mawili amsomee kwa sauti. Angegundua chemchemi zake katika dakika ya kwanza.

Kazi ilichukua siku mbili. Gari liliposhushwa lilikaa juu kidogo kuliko zamani, na tulipolisukuma kwa mikono nyuma lilibonyea likarudi mara moja, bila kucheza. Fundi mkuu aliridhika. Kompyuta yake haikuridhika: iliendelea kuitafuta ile mipira, haikuipata, na taa ya manjano ikabaki inawaka. Kuna kifaa cha kuidanganya inyamaze, lakini hakikuwemo ndani ya boksi.

Kijana aligeuza karatasi upande wa nyuma, mtupu, akaandika hatua zote kwa mkono wake, kwa ajili ya gari jingine la namna hiyo litakaloletwa. Aliniletea nimsahihishie. Hatua ya kwanza ilisema: "Weka gari kwa stendi, si jeki." Ya pili: "Toa presha pole pole, uso iangalie kando." Nilikuwa na kalamu nyekundu mfukoni, kama kawaida. Niliongeza neno moja katika hatua ya nne, pale alipoandika "mpira" nikaandika "mpira wa hewa", nikamrudishia. Hatua ya mwisho ilikuwa inasema: "Taa ya manjano itawaka. Ni ya hewa. Wacha iwake."

Mwenzangu ananiambia kwamba bado inawaka.